Shule ya Kiafrikana na Kiingereza: mwanangu amepewa mkondo ambao hatukuuomba, tukubali?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Tunaishi Bellville, Cape Town. Mwanangu wa kiume ana miaka 13 na anamaliza gredi ya 7. Darasa la kwanza hadi la nne alisoma Dar es Salaam, shule ya serikali, kwa Kiswahili. Tulipohamia huku akaingia gredi ya 5 kwenye shule ya Kiingereza. Alihangaika sana mwanzoni, sasa yuko katikati ya darasa. Tuliomba sekondari ya serikali iliyo karibu nasi, inayofundisha kwa Kiafrikana na Kiingereza. Wametupigia simu kwamba mkondo wa Kiingereza umejaa ila wa Kiafrikana una nafasi, tuwajibu ndani ya wiki moja. Mume wangu anasema tukubali: shule ni nzuri, madarasa yale yana watoto wachache, na mtoto hushika lugha haraka. Jirani yangu wa Lubumbashi anasema nisithubutu, hiyo ni lugha ya makaburu na inakufa. Mwingine kaniambia wageni husamehewa Kiafrikana kabisa. Mimi hata mkondo wa Kiingereza wa pale naogopa, maana nasikia walimu huchanganya lugha. Na Januari anakuja binti wa marehemu kaka yangu kutoka Tanga, kamaliza darasa la saba. Naye nimpeleke huko huko? Nishauri.

Marahaba, dada. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kwa mtoto huyu, katika umri huu, mkondo wa Kiafrikana usiukubali. Lakini shule yenyewe usiikatae. Nafasi ya kupigania ni ya mkondo wa Kiingereza ndani ya shule hiyo hiyo, na ikishindikana kabisa, shule nyingine ya serikali inayofundisha kwa Kiingereza, hata kama iko mbali kidogo. Sababu yangu si ile ya jirani yako. Na ile simu mliyopigiwa si neno la mwisho.

Barua yako imeyaweka pamoja mambo matatu ambayo ni vizuri tuyatenganishe: kusoma Kiafrikana kama somo, kusoma masomo yote kwa Kiafrikana, na kukaa katika shule ambayo Kiafrikana kinasikika kila kona. La kwanza mwanao atalimudu, na huenda tayari analisoma, maana shule nyingi za msingi za Kiingereza hapo jimboni hukifundisha kama lugha ya ziada. La pili litamuumiza. La tatu litamsaidia kuliko unavyodhani.

Kwanza uijue shule yenyewe. Watu wa hapo huziita shule hizi zote dubbelmedium, lakini ndani ya jina hilo kuna mipango miwili tofauti. Katika mpango wa mikondo sambamba, watoto wa Kiafrikana wana madarasa yao na wa Kiingereza wana yao. Wanakutana paredi, uwanjani na kwenye basi la michezo. Paul Roos Gymnasium ya Stellenbosch, shule ya serikali iliyoanza 1866, ni mfano unaojulikana wa shule yenye lugha zote mbili. Katika mpango wa pili, mwalimu mmoja hufundisha darasa moja kwa lugha mbili, anaeleza kwa hii kisha anarudia kwa ile. Shule nyingi zinazojiita za lugha mbili ni za mpango wa kwanza, zenye viraka vya mpango wa pili. Nitarudi kwenye hivyo viraka, maana ndivyo vilivyozaa uvumi uliousikia.

Sasa hoja ya mume wako, kwamba mtoto hushika lugha haraka. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Lugha ya kuombea mpira, kutaniana na kuuliza mwalimu yuko wapi, mtoto huipata ndani ya mwaka mmoja au miwili. Lugha ya kitabu ni nyingine: ile ya kueleza sababu, kulinganisha, kufafanua kwa nini jibu la hesabu limetoka hivyo, kuandika aya yenye hoja na ushahidi. Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alipochambua matokeo ya watoto wa wahamiaji aliona kwamba lugha hii ya pili huchukua miaka mitano hadi saba, wakati mwingine zaidi, mpaka mtoto afikie wenzake waliozaliwa ndani ya lugha hiyo. Wazazi na hata walimu hudanganyika na ile ya kwanza. Wanamsikia mtoto anaongea bila kukwama, wakidhani amefika. Akifeli sayansi, anaitwa mvivu.

Sisi tuliosoma Tanzania hatuhitaji mtu wa Kanada atueleze hili. Miaka saba ya Kiswahili, halafu kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza. Tunakumbuka madarasa ambayo daftari limejaa maandishi mazuri yaliyonakiliwa ubaoni, na mwenye daftari hawezi kukueleza mstari mmoja. Akili ipo. Isipokuwa maarifa yaliletwa kwa lugha ambayo ilikuwa bado haijaota mizizi.

Mwanao alianza Kiingereza cha shuleni gredi ya 5. Kwa hesabu ya Cummins bado yuko safarini, na kufika katikati ya darasa kwa miaka mitatu ni kazi kubwa ambayo ningependa umsifie. Ukimpeleka mkondo wa Kiafrikana Januari, ile miaka mitano hadi saba inaanza kuhesabiwa upya, akiwa gredi ya 8 yenye masomo tisa: lugha mbili, hisabati, sayansi ya asili, sayansi ya jamii, teknolojia, uchumi na usimamizi, stadi za maisha na sanaa. Atakuwa anajifunza neno la Kiafrikana la mmeng'enyo wa chakula siku ile ile anayotakiwa kuuelewa mmeng'enyo wenyewe.

Na kuna tarehe ambayo haimsubiri. Mwisho wa gredi ya 9 ndipo masomo ya gredi ya 10 hadi 12 huchaguliwa, na uamuzi mkubwa kuliko yote ni kati ya hisabati kamili na hisabati ya matumizi, ambayo hapo huitwa Maths Lit. Shule huangalia alama za gredi ya 9. Mtoto aliyetumia miaka miwili kupigana na lugha hufika pale na alama za chini, anashauriwa achukue Maths Lit, na hapo uhandisi, udaktari na sehemu kubwa ya kozi za sayansi vyuoni zimefungwa akiwa na miaka kumi na mitano. Hakuna atakayesema kwamba lugha ndiyo iliyomfunga. Itaandikwa kwamba hesabu hazimwendi.

Kwa haki ya mume wako, hoja yake ya madarasa madogo ina uzito. Mara nyingi mkondo wa Kiafrikana katika shule za mjini una watoto wachache kwa sababu wazazi wengi wanaohamia maeneo hayo wanataka Kiingereza. Wapo wazazi wasio na Kiafrikana nyumbani wanaoutafuta mkondo huo makusudi kwa sababu hiyo. Kama mwanao angekuwa anaingia gredi R, yaani ile ya awali, au ya 1, ningekaa na ninyi tulizungumze kwa utulivu, na huenda ningewaambia jaribuni. Mtoto wa miaka sita anajifunza kusoma na lugha kwa pamoja, na hana mtihani wa mwisho unaomkaribia. Tofauti hapa ni umri na darasa. Ubora wa lugha hauingii.

Nije kwa jirani. Lugha ya makaburu? Uchungu huo una asili yake na si wa kudharauliwa. Mwaka 1974 serikali ya ubaguzi iliagiza shule za Waafrika zifundishe baadhi ya masomo, hisabati na maarifa ya jamii yakiwemo, kwa Kiafrikana. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana, polisi wakawafyatulia risasi. Lakini angalia walichokuwa wakikipinga. Kiafrikana kama somo walikuwa wakikisoma tayari. Kilichowaingiza barabarani ni kulazimishwa kusomea hesabu kwa lugha ambayo si wao wala walimu wao wengi walikuwa wameimudu. Hapo jirani yako na mimi tunakutana, ila kwa njia tofauti: kosa lilikuwa kumwekea mtoto lugha ngeni katikati yake na maarifa, tena kwa amri ya mabavu.

Wenye lugha yenyewe si makaburu peke yao. Zaidi ya nusu ya wanaozungumza Kiafrikana nyumbani si Wazungu. Ni watu wa Cape Flats, wa Mitchells Plain, wa Namaqualand, na hapo Bellville ni majirani zako wengine. Na wewe ambaye wazee wako wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu utapenda kujua kwamba Waislamu wa Cape Town waliandika Kiafrikana kwa herufi hizo hizo madrasani katika karne ya 19. Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa na dola la Uthmaniya, aliwaandikia kitabu cha fiqhi kwa Kiafrikana cha herufi za Kiarabu, kikachapwa Istanbul mwaka 1877. Wakati huo Kiafrikana kilikuwa hakijakuwa lugha rasmi ya nchi. Hilo lilikuja 1925.

Inakufa? Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 10.6 ya watu wa Afrika Kusini wanakizungumza nyumbani, zaidi ya wale wa Kiingereza ambao ni asilimia 8.7. Katika jimbo lenu la Western Cape ni takriban watu 4 kwa kila 10. Kijana anayetafuta kazi ya uuguzi, duka, polisi au shamba la mizabibu hapo bila Kiafrikana anaanza na pungufu. Kilichopungua kweli ni nafasi yake vyuo vikuu: Chuo Kikuu cha Pretoria kiliacha kupokea wanafunzi wapya wa kufundishwa kwa Kiafrikana kuanzia 2019, na mwaka huo huo Mahakama ya Katiba iliruhusu Chuo Kikuu cha Stellenbosch kuweka Kiingereza mbele. Aliyemaliza mkondo wa Kiafrikana kwa hiyo mara nyingi hubadili lugha tena akifika chuo. Kwa Mwafrikana mwenye lugha hiyo nyumbani ni mpito mmoja. Kwa mwanao ungekuwa mpito wa tatu.

Kuhusu msamaha wa wageni, umeambiwa kitu kilichopo, ila hakimhusu huyu mtoto. Sera ya mitihani ina kundi linaloitwa watahiniwa wahamiaji, yaani wale walioingia shule za Afrika Kusini kwa mara ya kwanza gredi ya 7 au juu zaidi. Kwa cheti cha gredi ya 12 wanaweza kuombewa kufanya lugha rasmi moja badala ya mbili, na nafasi ya ile ya pili wachukue somo jingine. Mwanao aliingia gredi ya 5. Atahitaji lugha mbili rasmi, moja katika ngazi iitwayo Lugha ya Nyumbani, ambayo ndiyo ya juu hata kama nyumbani hamuizungumzi, na nyingine angalau ngazi iliyo chini yake, Lugha ya Ziada ya Kwanza.

Hapo nataka nikuhamishe wasiwasi. Mkondo wa Kiingereza wa shule hiyo karibu hakika utampa Kiingereza kama Lugha ya Nyumbani na Kiafrikana kama Lugha ya Ziada. Cheti cha mwisho kinadai angalau asilimia 40 katika Lugha ya Nyumbani. Ukikosa hapo, umekosa cheti, hata kama hesabu umepata 80. Lugha ya Nyumbani nayo imepimwa kwa mtoto aliyezaliwa ndani yake: mashairi, tamthilia, riwaya, muhtasari, insha ndefu. Kiafrikana cha ziada ni chepesi kwa mbali. Kitenzi chake hakibadiliki kwa kufuata mtendaji, nomino hazina jinsia kama za Kifaransa, tahajia yake inafuata sauti, na ile g yao inayowasumbua Waingereza ni kh ya Khamisi na kheri. Kitakachomtoa jasho ni mpangilio wa maneno na kukanusha mara mbili kwa nie. Kwa hiyo kama una fedha ya mwalimu wa ziada, iende kwenye Kiingereza cha kuandika. Kiafrikana kitapata mazoezi ya bure uwanjani.

Ndiyo maana nasema ile kelele ya lugha mbili unayoiogopa itamfaa. Tangazo la paredi leo kwa lugha hii kesho kwa ile, kocha wa raga anayefoka kwa Kiafrikana, barua za shule zenye pande mbili: hayo yote ni Kiafrikana anachokipata bila kupoteza somo hata moja. Suala hili ni la zamani Afrika Kusini. Mtafiti wa elimu E.G. Malherbe alipima wanafunzi zaidi ya 18,000 mwaka 1938, wakati mvutano ulikuwa kati ya Waafrikana na Waingereza, akakuta waliosoma shule za lugha mbili hawakurudi nyuma kimasomo, walikuwa na lugha ya pili bora zaidi, na chuki yao dhidi ya upande wa pili ilikuwa ndogo. Matokeo hayo hayakuwafurahisha wanasiasa waliotaka kila kundi liwe na shule yake, na baada ya uchaguzi wa 1948, ulioileta serikali ya ubaguzi, ndio walioshinda. Ila tahadhari: watoto wa Malherbe walikuwa na lugha mojawapo nyumbani. Mwanao hana hata moja kati ya hizo mbili, kwa hiyo faida ile haiji kwake yenyewe tu. Anahitaji lugha moja ya kufundishiwa iliyosimama imara.

Na kuchanganya darasani? Hapa ndipo vile viraka vinapoingia. Idara ya elimu hugawa nafasi za walimu kwa idadi ya wanafunzi. Watoto saba wa Kiingereza na tisa wa Kiafrikana wakichagua muziki au uchoraji wa kihandisi gredi ya 10, hakuna mkuu wa shule atakayeweka walimu wawili. Wanakaa chumba kimoja, mwalimu anaeleza mara mbili, na kwa kuwa muda ni ule ule, mara nyingi anaeleza vizuri kwa lugha yake na kwa kifupi kwa ile nyingine. Pia wapo walimu wa mkondo wa Kiingereza ambao lugha yao ni Kiafrikana na huteleza wakichoka. Kuteleza kwa sentensi mbili si madhara. Somo zima kufafanuliwa kwa Kiafrikana halafu Kiingereza kikaachwa kwenye karatasi ni tatizo, na una haki ya kulilalamikia, kwa sababu mtoto ameandikishwa kwa Kiingereza. Siku ya kutembelea shule uliza waziwazi: ni masomo gani ya gredi ya 10 hadi 12 yanayofundishwa kwa mikondo iliyounganishwa? Mkuu wa shule mkweli atakutajia kwa majina. Anayesema hakuna hata moja, muulize tena kuhusu masomo yenye watu wachache.

Sasa nafasi. Katiba, kifungu cha 29, inampa mtoto haki ya kufundishwa katika shule ya serikali kwa lugha rasmi anayoichagua pale inapowezekana kwa hali ya kawaida. Sera ya lugha ya 1997 inasema lugha huchaguliwa wakati wa maombi, na mwenye kuichagua ni mwanafunzi kwa kupitia mzazi. Shule haiwezi kukuhamisha upande kimyakimya. Inaweza kukuambia kwamba upande ulioomba umejaa, na hilo ni jambo la kuthibitishwa. Sera hiyo hiyo inataja watoto 35 wa gredi moja, kwa gredi za 7 hadi 12, kuwa idadi ya kutosha kufanya lugha fulani iwezekane shuleni. Kwa hiyo kama mko wazazi wengi mliojibiwa hivyo hivyo, msiende mmoja mmoja.

Mahakama zimeshalizungumza suala hili, na si upande mmoja tu ulioshinda. Mwaka 2009, katika kesi ya Hoërskool Ermelo ya Mpumalanga, Jaji Dikgang Moseneke wa Mahakama ya Katiba aliandika kwamba bodi ya shule ndiyo inayotunga sera ya lugha, lakini shule ni mali ya umma na sera hiyo haiwezi kufumbia macho mahitaji ya watoto wanaoizunguka. Mwaka 2018, kule Vereeniging, idara ilipotaka Hoërskool Overvaal ipokee watoto 55 wa Kiingereza, mahakama kuu iliipinga idara: shule ilikuwa imejaa na shule jirani za Kiingereza zilikuwa na nafasi. Kisha ikaja sheria mpya ya elimu, iitwayo BELA, iliyosainiwa Septemba 2024 na kuanza kutumika mwishoni mwa mwaka huo, ambayo inaipa idara ya jimbo nguvu zaidi juu ya sera za lugha na uandikishaji. Kwa mtazamo wangu, kama karibu yenu kuna shule ya Kiingereza yenye nafasi, hoja yenu kwenye hii itakuwa dhaifu. Kama hakuna, ina nguvu sana.

Ndani ya wiki hii basi, jibuni kwa maandishi. Semeni kwamba mnaitaka shule, lugha mliyoichagua ni Kiingereza, mnaomba mtoto awekwe kwenye orodha ya kusubiri ya mkondo huo, na mnaomba sababu za kukataliwa kwa maandishi. Nakala iende ofisi ya wilaya ya elimu. Kabla ya kubonyeza kuthibitisha chochote kwenye mfumo wa maombi wa jimbo, someni vizuri, msije mkaachia nafasi nyingine mlizopata. Orodha za kusubiri husogea kweli: wazazi huomba shule nyingi, wakithibitisha moja wanaachia zilizobaki, na Januari shule zikifunguliwa huonekana viti vya watoto ambao hawakufika. Shule ikikataa moja kwa moja, mna haki ya rufaa hadi kwa waziri wa elimu wa jimbo.

Wasikuwekee mtihani wa lugha wa kumchuja mtoto. Sheria ya shule ya 1996 inakataza mtihani wowote wa uandikishaji. Wala ada isiwe kizuizi. Shule hizi hutoza ada, lakini mwenye kipato kidogo huomba msamaha kwa fomu ya shule yenyewe, na ada ikifikia asilimia 10 au zaidi ya kipato cha mwaka cha wazazi wote wawili, msamaha ni kamili.

Kuna kishawishi kimoja nikukataze: kukubali Kiafrikana kwa muda, kwa matumaini ya kuhamia Kiingereza muhula wa pili. Kuhama kunategemea nafasi ile ile ambayo leo haipo, na mkishasaini Kiafrikana, shule haina tena deni kwenu. Ningekubali hilo kwa hali moja tu, kwamba mlango mwingine wote umefungwa na mtoto yuko hatarini kukaa nyumbani. Hapo akasome, kwa sababu kukosa shule ni kubaya zaidi. Lakini vitabu apewe vya Kiingereza pia, mitihani yake aruhusiwe kuiona kwa lugha zote mbili, na barua ya kuomba kuhama ibaki mezani kwa mkuu wa shule. Hilo la mitihani lina msingi: karatasi za mwisho za masomo yasiyo ya lugha hutolewa kwa Kiingereza na Kiafrikana. Na kama uchaguzi ni kati ya mkondo huu na shule ya Kiingereza ya safari ya teksi mbili, piga hesabu ya nauli na usalama, usiipuuze. Dakika arobaini kwa siku namkubalia. Saa mbili, hapana. Hapo rudini kwangu au kwa ofisi ya wilaya tuangalie upya.

Nyumbani, endeleeni na Kiswahili. Usijaribu kumsaidia kwa kuhamia Kiingereza mezani. Jaribio ninalowapa wazazi ni hili: achukue ukurasa mmoja wa kitabu cha sayansi, ausome, kisha akueleze kwa Kiswahili bila kuangalia. Akieleza vizuri kwa Kiswahili lakini kuandika kwa Kiingereza kukamshinda, shida ni lugha na muda utaitibu pamoja na mazoezi. Akishindwa kueleza kwa lugha zote, tena kwa masomo kadhaa na kwa muhula mzima, usingoje. Akapimwe macho na masikio, kisha uombe kwa maandishi kikao na timu ya msaada ya shule. Kila shule ya serikali inatakiwa kuwa nayo chini ya sera ya utambuzi na msaada ya 2014. Hali kadhalika akianza kukataa kwenda shule, kuumwa tumbo kila Jumatatu, au kunyamaza kabisa. Hayo hayatibiki kwa barua kama hii, yanahitaji mtu wa kumwona. Na shule au wilaya ikikaa kimya juu ya uandikishaji, hapo Cape Town kuna Equal Education Law Centre na Legal Resources Centre ambao hushughulikia mambo haya bila malipo.

Binti wa kaka yako ni jambo tofauti. Anaingia gredi ya 8 bila kuwahi kukaa shule ya Afrika Kusini, kwa hiyo yeye ndiye yule mtahiniwa mhamiaji uliyesikia habari zake. Shule ya Kiingereza, na ikiwezekana ambayo Kiingereza chaweza kuchukuliwa katika ngazi ya ziada. Jimboni kwenu zipo zenye isiXhosa kama lugha ya nyumbani, ila hilo lina ugumu wake, na kwa sababu ya ule msamaha si lazima alifuate. Msimwombee msamaha huo haraka kabla hajaanza. Unahusu gredi ya 10 hadi 12, na ana miaka miwili ya kuonja Kiafrikana bila gharama. Wengi hukipenda. Kitakachowachelewesha ni karatasi: ripoti zake za Tanga zitafsiriwe kwa Kiingereza na kugongwa mhuri, cheti cha kuzaliwa, pasi, na hati ya ulezi kwa kuwa wewe si mzazi wake. Ulezi huo anza kuufuatilia sasa, angali Tanga. Hata kama hati za uhamiaji zitachelewa, shule isimrudishe mlangoni. Mahakama Kuu ya Makhanda iliamua Desemba 2019 kwamba mtoto asiye na hati ana haki ya kuandikishwa. Ukikutana na karani anayesema vinginevyo, muombe akuandikie jina lake na sababu, ukiwa umeketi.